Breki zinalia, zinatetemeka ama zinavuta upande: jua chanzo kabla ya kununua pedi na diski

Barabara ya kutoka Nakuru kwenda magharibi haina huruma na breki dhaifu. Unaondoka mjini ukiwa karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, unapanda Salgaa na Sachangwan hadi Mau Summit, unakata kushoto kuelekea Londiani na Kericho, halafu unateremka hadi Ahero na Kisumu, ambako ziwa liko kwenye mita 1,130 hivi. Anayerudi naye anangojewa na mteremko mrefu wa Sachangwan. Gari lililotengenezwa mwaka 1998 linapita hapo hapo na lile la juzi, na linatakiwa kusimama vilevile.

Mwenye gari kuukuu, iwe ni Corolla 110, NZE, Nissan B15 au Subaru ya zamani, akisikia breki zinalalamika hukimbilia dukani kununua pedi, vile vipande vinavyobana diski ya gurudumu ili gari lisimame. Baada ya miezi michache tatizo limerudi, naye anasema spea za siku hizi ni feki. Feki zipo, na nitazieleza. Lakini mara nyingi pedi mpya zimeuawa na kilekile kilichoua za zamani. Kwa hiyo fundi akifungua gurudumu, mwambie asitupe pedi zilizokwisha. Zipange chini kwa utaratibu: kushoto ya ndani, kushoto ya nje, kulia ya ndani, kulia ya nje. Pedi hizo nne ndizo zitakazokuambia la kununua, na la kurekebisha kwanza.

Tahadhari mbili. Gari likae juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake, na magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe kwa mawe. Vumbi la breki nalo lisipulizwe kwa kompresa wala kwa mdomo: lining za zamani zilikuwa na asbesto, na hata zisizo nayo hazifai mapafuni. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, ulifute kwa kitambaa.

Mlio mwembamba

Pedi nyingi zina kipande kidogo cha bati kilichopinda, kilichowekwa makusudi kiguse diski pedi ikibaki na milimita 2 hivi. Kikigusa kinapiga kelele nyembamba, mara nyingi hata kabla hujakanyaga breki. Huo ni ujumbe wa kununua pedi, na aliyekikunja ili kisilie amekufichia hatari. Pedi mpya huwa na nyama, ile sehemu inayosuguana na diski, ya milimita 10 hadi 12. Ikifika 3, badilisha.

Mlio unaokuja unapokanyaga tu, huku pedi bado ni nene, una sababu nyingine. Angalia uso wa pedi. Ukiwa unang'aa kama kioo, umeungua kwa joto na haushiki tena sawasawa. Kusugua kwa msasa kunanyamazisha kwa siku chache, lakini gundi iliyoshika nyama ya pedi ikiwa imeungua, haitarudi. Angalia pia shimu, vile vibati vyembamba vya mgongoni mwa pedi, na klipu ambamo pedi inateleza. Mafundi wengi huzitoa na kuzitupa wakidhani ni takataka za kiwandani. Zisipokuwepo pedi inatikisika ndani ya kalipa, kile chuma kinachozishika pedi na kuzibana kwenye diski, na huo mtikisiko ndio unaousikia. Vumbi la Njoro au la Gilgil wakati wa kiangazi linaweza kuliza hata breki zisizo na ubovu wowote. Osha, kausha, kisha sikiliza tena kabla ya kufungua pochi.

Mlio wa kusaga

Hapa usiendelee na safari. Nyama imekwisha, na chuma cha pedi kinalima diski. Ukipitisha ukucha juu ya diski unakwama kwenye mifereji. Pedi peke yake haitoshi tena, na uamuzi wa diski uko hapo chini.

Usukani unatetemeka ukifunga breki

Mtetemo ukiwa mikononi, tazama diski za mbele. Ukiwa kwenye kiti, tazama nyuma. Watu husema diski imepinda. Ni nadra diski kupinda kwa joto la kawaida. Kilichotokea mara nyingi ni kwamba unene wake si sawa mzunguko mzima, na tofauti ya mm 0.02, ambayo jicho haliwezi kuiona, inatosha kuufanya usukani utetemeke kwenye mwendo wa barabara kuu.

Tofauti hiyo huanzia nyuma ya diski, kwenye habu, kile chuma kinachozunguka ambacho diski na gurudumu hufungwa juu yake. Gari lililonyeshewa sana Kakamega au Vihiga, au lililokaa bila kutumika kwenye unyevu wa Kisumu, hufanya magamba ya kutu juu ya habu. Fundi anaweka diski mpya juu ya hayo magamba. Diski inakaa mshazari kidogo sana, na kila ikizunguka inagusa pedi mahali palepale, hata wakati hujakanyaga. Siku ya kwanza gari linasimama vizuri kabisa, ndiyo maana hakuna anayeshuku. Baada ya kilomita elfu kadhaa pale panapoguswa pamelika, na mtetemo umerudi. Mwenye gari ananunua diski nyingine, nayo inawekwa juu ya kutu ileile.

Dawa yake ni brashi ya waya na msasa. Sugua habu mpaka uone chuma safi kote, hasa pembeni mwa boliti na kwenye kile kingo cha katikati. Ukiweka diski, ikandamize kwa mkono: isicheze hata kidogo. Mwenye geji ya saa, kile kipimo chenye mshale, apime mchezo wa diski, yaani inavyoyumba ikizunguka, ikiwa imefungwa kwa nati zote. Magari mengi madogo yanadai usizidi mm 0.05 hadi 0.1, kutegemea kiwanda.

Sababu ya pili ni nati za tairi. Kijana wa pancha anakanyaga spana kwa mguu mzima, moja mpaka mwisho, kisha anaifuata ya jirani. Diski inabanwa upande mmoja zaidi. Nati zikazwe kwa mpangilio wa nyota, kidogo kidogo, hadi karibu Nm 100 (newton mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) kwa Toyota ndogo nyingi. Ya tatu ni sisi madereva. Umeteremka Sachangwan breki zikiwa moto, unasimama kwenye foleni Salgaa na mguu umekandamiza breki dakika nzima. Pedi inaacha alama ya nyama yake kwenye diski pale ilipobana. Acha nafasi mbele yako uweze kusogea polepole, au ukiwa tambarare tumia handbreki. Na ukifika mahali pa kuosha gari, ngoja diski zipoe kabla ya kumwagiwa maji baridi.

Gari linavuta upande, au gurudumu moja linachemka

Likivuta wakati wa breki tu, linaelekea upande unaoshika, na ugonjwa mara nyingi uko upande wa pili, usioshika. Likivuta hata bila breki, gurudumu la upande linakovutia limebanwa. Ukimaliza safari fupi, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. La moto kuliko wenzake limejitaja lenyewe.

Rudi kwenye zile pedi nne ulizopanga chini. Nieleze hali moja ninayokutana nayo sana kwenye Corolla za umri huu. Pedi ya ndani ya kushoto imefika kwenye chuma, ya nje bado ina nusu ya nyama. Ukiishika kalipa na kujaribu kuitelezesha kwa mkono haiendi. Unafungua boliti, unavuta pini ya chini, mojawapo ya zile ambazo kalipa huteleza juu yake, na inatoka ikiwa kavu, ya kahawia, na kampira kake ka kuzuia vumbi kamepasuka. Pistoni inasukuma pedi ya ndani, lakini kalipa haiwezi kuteleza kuileta ya nje. Pedi moja imefanya kazi ya mbili. Ukimwekea mwenye gari hilo pedi za bei ghali kuliko zote Nakuru, ya ndani itakufa vilevile.

Pini zisafishwe mpaka zing'ae, mipira mipya iwekwe, na grisi iwe ya silikoni inayotengenezwa kwa ajili ya kalipa. Grisi ya beringi inavimbisha mpira, na baada ya muda pini zinakwama kuliko mwanzo. Pini iliyotobolewa na kutu inunuliwe mpya, ni kitu kidogo.

Pedi zote mbili za gurudumu moja zikiwa zimeisha sawa lakini za upande wa pili ni nzima, shuku pistoni iliyoganda au mpira wa breki, ile hosi inayoingia kwenye kalipa. Mpira mzee huvimba kwa ndani: shinikizo linaingia, kurudi linakataa. Gurudumu likiwa limebanwa, legeza kidogo niplo ya kutolea hewa. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, kalipa haina kosa, fuata mpira na vilivyo juu yake. Lisipoachia, pistoni au pini ndizo zimekwama. Pedi iliyolowa mafuta ya breki au grisi haioshwi ikarudi kazini. Tupa, na uzibe panapovuja.

Kanyagio laini, linalozama, au gumu

Pedi na diski hazihusiki sana hapa, ila watu huzibadilisha bure. Kanyagio likipanda ukilipampu mara mbili tatu, kuna hewa, au breki za dramu za nyuma hazijarekebishwa. Likizama polepole huku umelishikilia, kuna panapovuja au masta silinda, ile pampu kuu ya mafuta ya breki, imekwisha. Likiwa gumu kama ukuta na gari halisimami, jaribu busta, kile kifaa kinachousaidia mguu wako kukanyaga: zima injini, pampu mara kadhaa, shikilia, kisha washa. Kanyagio linatakiwa kushuka kidogo. Lisiposhuka, busta au paipu yake ya hewa ina shida.

Jambo moja linanikera na nitalisema wazi. Kuna karakana ambazo zikikuta gurudumu la nyuma linavuja, zinaponda paipu na kuikunja, gari linaondoka na breki tatu. Mwingine anaongeza maji ya sabuni kwenye mafuta ya breki ili afike nyumbani. Maji huchemka kwenye nyuzi 100. Ukinunua gari kuukuu, lala chini ufuate paipu zote nne kwa macho yako.

Breki zinapotea ukiwa mteremkoni

Hii ndiyo dalili ninayotaka uichukulie kwa uzito kuliko zote. Unateremka kutoka Kericho, au kutoka Riat kuingia Kisumu. Mwanzo breki zilishika. Katikati ya mteremko unakanyaga zaidi kupata kilekile, kunanuka kuungua, na gari linaendelea kwenda. Ukisimama dakika ishirini zinarudi, kwa hiyo unasahau.

Kuna magonjwa mawili hapa, na mguu wako unaweza kuyatenganisha. Kanyagio likibaki gumu na la juu lakini gari halisimami, pedi zimezidiwa na joto. Kanyagio likiwa laini na kwenda hadi chini, mafuta ya breki yamechemka na kufanya mvuke. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Huuzwa kwa madaraja yanayoandikwa DOT kwenye chupa. DOT 3 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji kiwango chake kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa imelowa. Kwa gari linalokwea na kushuka Mau, napendekeza DOT 4, na yabadilishwe yote kila baada ya miaka 2. DOT 3 na DOT 4 huchanganyika bila madhara. DOT 5 ni ya silikoni na isiingie kabisa kwenye mfumo uliokuwa na hizo.

Kama ni pedi, tafuta herufi mbili zilizochapwa ukingoni au mgongoni mwake, kando ya namba za kiwanda: EE, FF, GF na kadhalika. Ya kwanza inaeleza msuguano pedi ikiwa kwenye joto la kawaida, ya pili ikiwa moto sana. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Pedi ya FE inalegea ikichemka, na ukiitafakari miteremko yetu utaona kwa nini siitaki. FF inatosha magari mengi ya familia. Herufi hizo hazisemi pedi itadumu muda gani, wala kama imegundishwa vizuri, lakini pedi isiyo na herufi wala namba yoyote mimi siifungi.

Aina ya nyama nayo ina maana. Za oganiki ni tulivu na haziumizi diski, ila nyingi huchoka mapema zikipata joto la mfululizo. Zenye chembe za chuma huvumilia joto vizuri zaidi, ila hupiga kelele kidogo na hula diski. Za kauri hazina vumbi jingi na ni kimya, bei yake iko juu. Anayezunguka Nakuru mjini, Lanet na Njoro, oganiki nzuri inamtosha. Anayebeba abiria au mzigo kwenda Kisumu kila wiki, achukue yenye chuma na akubali kelele.

Hata hivyo hakuna pedi inayoweza kubeba mteremko wote peke yake. Shuka na gia ya chini. Corolla ya otomatiki, zima O/D (overdrive, ile gia ya juu kabisa) na uweke 2 kabla mteremko haujaanza. Breki ikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi, uachie zipate hewa, kuliko kuisugua njia nzima. Kushuka bila gia ili kubana mafuta ni tabia iliyoiponza barabara hii kwa miaka mingi.

Ukiwa dukani

"Boss, nipatie pedi za mbele za 110."

"Injini gani, mzee? 5A ama 4E?"

Muuzaji akikuuliza hivyo, umeingia duka zuri. Gari la jina moja hutoka na breki tofauti kulingana na injini, mwaka na toleo, na kwa magari yaliyokuja yametumika Japani tofauti hizo ni nyingi. Nenda na namba ya chesisi, iliyo kwenye logbook na kwenye bamba ndani ya boneti, na uende na pedi ya zamani mkononi. Ziweke mbili mgongo kwa mgongo: umbo, masikio na unene vilingane. Kama spea haipo Nakuru na inaagizwa Kirinyaga Road, Nairobi, ije na matatu, tuma picha ya pedi ikiwa kando ya rula, si jina la gari tu.

Pedi feki huijui kwa boksi, kwa sababu boksi huigwa vizuri. Itoe. Uchapishaji unaofutika kwa kidole chenye mate, bamba la chuma lenye kutu chini ya rangi, nyama yenye ufa au inayobonyea kwa ukucha, pedi nne zisizolingana unene, hizo zote ziache hapo hapo kaunta. Pedi nzuri mara nyingi ina nyama iliyoingia ndani ya matundu ya bamba, si kubandikwa juu tu. Pedi zilizotumika kutoka Japani, hata ziwe nene vipi, nakushauri uziache, maana hujui zilichemka kiasi gani wala zilimwagikiwa na nini. Diski iliyotumika ni tofauti kidogo, kwa kuwa unaweza kuipima.

Diski: skimu au mpya?

Kwenye kofia ya diski, ile sehemu ya katikati iliyoinuka, au ukingoni mwake mara nyingi kumechongwa MIN TH na namba, kwa mfano 20 mm. Huo ndio unene wa mwisho, na diski lazima ibaki juu yake baada ya kupigwa skimu, yaani kunyolewa uso kwa mashine ya lethi, si kabla. Ukipima kwa venia ya kawaida, kile kipimo cha unene chenye meno mawili, meno yake hukalia ule mdomo wa kutu ulioachwa ukingoni na kukudanganya. Weka sarafu ya shilingi kumi kila upande wa diski, pale pedi inapopita, pima zote pamoja, kisha pima sarafu mbili peke yake na uzitoe.

Diski ikiwa na unene wa kutosha na mifereji myepesi, fundi wa lethi anayejua kazi yake anaweza kuiokoa. Ikiwa na nyufa zinazofika ukingoni au kwenye matundu, au mapezi ya katikati yameliwa na kutu, nunua mpya. Diski na pedi hubadilishwa kwa ekseli nzima, kushoto na kulia pamoja. Unaponunua diski, linganisha na ya zamani kipenyo, unene, kimo cha kofia, tundu la katikati na idadi ya matundu ya boliti. Kimo kikipishana milimita chache tu, diski haitakaa katikati ya kalipa.

Kufunga na kuzizoesha

Diski mpya hupakwa mafuta ya kuzuia kutu. Yaoshe kwa dawa ya kusafishia breki au maji moto ya sabuni, ukaushe. Kalipa isining'inizwe kwa mpira wake, ifungwe kwa waya. Kabla ya kurudisha pistoni ndani, tazama tangi la mafuta ya breki lisifurike, kwa maana yakimwagika yanabambua rangi. Gari likishuka chini, pampu kanyagio mpaka liwe gumu kabla hujaweka gia. Watu wamegonga ukuta wa karakana kwa kusahau hilo.

Kisha tafuta barabara tulivu, kama ile tambarare ya Ahero asubuhi mapema. Enda kilomita 50 kwa saa, funga breki kwa nguvu ya wastani hadi 10 bila kusimama kabisa, rudia mara kumi hivi ukiacha nafasi kati ya moja na nyingine. Halafu endesha dakika kadhaa bila kugusa breki ili zipoe. Kwa kilomita 200 za kwanza epuka kufunga kwa ghafla pasipo lazima. Kesho yake kaza tena nati za tairi kwa mpangilio uleule wa nyota, na ukague kwa tochi kama kuna unyevu wowote kuzunguka mpira wa kalipa.